Kontena Nyuma ya Maabara

Toangoma, Temeke
9 Februari 2025

Kaka Fredrick,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, wifi Clara na watoto. Mie mzima. Kifua kilinisumbua wiki mbili, sasa nafuu.

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu namba yangu umeifungia tangu Mwaka Mpya, tulipogombana mezani kwako Kipawa. Wifi anakuja kesho kuleta sare za wanafunzi, nitampa akuletee. Naomba uisome mpaka mwisho, maana siku ile uliondoka mezani mie nikiwa katikati ya sentensi.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mwezi wa tisa mwaka jana mradi wenu ulileta kontena la bluu shuleni kwetu, likawekwa nyuma ya maabara. Mkuu wa shule alisema serikali imeukumbuka mkondo wa kilimo, na sie tulipiga makofi kwa moyo wote, maana ilikuwa kweli. Nilisoma orodha iliyobandikwa mlangoni: pawatila moja, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, pampu ya maji, mipira ya umwagiliaji wa matone, kitalu nyumba kilichofungwa mafungu, mashine ya kutotolea vifaranga, mbegu za nyanya, hoho na kabichi. Chini kabisa ilikuwepo sahihi yako, Afisa Ugavi. Niliwaambia wanafunzi, "Huyu ni kaka yangu." Nilijivuna.

Sasa miezi mitano imepita, na kontena lina makufuli mawili ambayo funguo zake ziko kwako. Kila nikiuliza naambiwa linasubiri uzinduzi. Linasubiri mgeni rasmi. Tarehe imebadilishwa mara tatu.

Jumatano nilifundisha namna ya kuendesha pawatila. Nimeichora ubaoni kwa chaki. Salsabil, yule binti wa Mzee Muhsin mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akauliza, "Mwalimu, klachi inabanwa kwa mkono gani?" Nikafungua kitabu kutafuta. Kitabu hakisemi. Watoto thelathini na nane wananitazama, na pawatila yenyewe iko hatua sitini kutoka dirishani.

Kaka, masika yanakaribia, na mwezi wa saba watahini watakuja kuwapima hawa watoto kwa vitendo. Njoo ufungue. Hata kama ni wewe umesimama pale unahesabu spana, njoo ufungue.

Mdogo wako,
Jovina


Kipawa
2 Machi 2025

Mdogo wangu Jovina,

Marahaba. Sie wazima, mtoto wa mwisho tu ana mafua. Pole kwa kifua, acha kunywa maji ya friji.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Umekuwa mwalimu kweli, mpaka mie unaniagiza.

Ngoja nikuelekeze jinsi kazi ilivyo, maana wewe unadhani funguo zikiwa kwenye droo yangu basi ni zangu. Vifaa vile nimevipokea kwa sahihi yangu. Ikipotea hata skrubu moja, naulizwa mie. Bwana Daniel, meneja wetu, ametoa agizo kwa maandishi kwamba hakuna kontena kufunguliwa kabla ya uzinduzi, na mie sina cheo cha kulipinga. Siyo shule yako peke yake. Ziko kumi na nne.

Uzinduzi sasa umepangwa Ijumaa tarehe 28 Machi, na utafanyika hapo kwenu. Nilipendekeza mie iwe kwenu. Unaona? Wewe unanitukana na mie nakupigania.

Halafu kumbuka jambo moja. Walimu wengi wa mwaka wako walipangiwa mikoani huko, wewe uko Dar. Halikutokea lenyewe. Na kabla ya hapo, baba alipofariki, nani aliacha shule akaja kubeba mizigo sokoni Buguruni ili wewe ubaki darasani kule nyumbani Kamachumu? Sikudai chochote. Nakuomba tu usiniharibie.

Kwa sasa wape watoto majembe walime mchicha. Sie wote tulianza na jembe.

Kaka yako,
Fredrick


Toangoma
6 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Nyie hamjambo? Mie sijambo mwilini.

Nimesubiri siku tisa kabla ya kuandika, ili hasira ipungue. Haijapungua.

Wewe ulikuwepo, lakini nitakusimulia kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye hema na sie tulikuwa juani. Wiki mbili kabla ya tarehe 28 hatukufundisha. Tulipaka mawe chokaa. Tulifyeka uwanja. Nilifundisha wimbo wa kilimo, mie ambaye siimbi hata kanisani. Siku yenyewe wanafunzi walipangwa mstari saa moja asubuhi. Ilikuwa Ramadhani, kaka. Nusu ya darasa langu walikuwa wamefunga. Mmoja wao, Muntasir, alidondoka saa sita, tukambeba mpaka kwenye kivuli cha choo kwa sababu vivuli vingine vyote vilikuwa na viti vya wageni.

Saa nane ikaja simu kwamba mgeni rasmi amepata udhuru. Sawa, watu hupata udhuru. Nikajua basi, Bwana Daniel atafungua mwenyewe. Na kweli, ukatoa funguo, ukafungua. Watoto walipiga kelele za furaha, umezisikia. Mkaisukuma pawatila nje. Mkachagua wanafunzi sita warefu, mkawavisha ovaroli za kijani na mabuti, Salsabil akiwa mmojawapo, mkawaambia washike mikono ya pawatila na watazame mbele. Mpiga picha akapiga. Mkawaambia wacheke. Akapiga tena.

Halafu mkairudisha ndani.

Salsabil alikuwa bado amevaa ile ovaroli. Aliuliza kwa adabu, nilikuwa karibu nimesikia, alisema, "Shikamoo. Tutaanza kuitumia lini?" Bwana Daniel akamwambia Madam Rosalia, mkuu wetu, kwamba shule ina watoto wasio na nidhamu. Madam akamwita Salsabil mbele ya wote akampigisha magoti kwenye kokoto, mtoto aliyefunga, saa tisa mchana, na kumwamuru alete mzazi.

Mzazi alikuja Jumatano, baada ya Idi. Mzee Muhsin hakupiga kelele. Aliniuliza mie, siyo Madam, "Mwalimu, binti yangu aliacha sayansi akachagua kilimo, nikamruhusu. Niambie kitu kimoja anachokijua kwa mikono yake." Nikageuka kutazama kontena. Akamchukua binti yake, akaondoka naye. Mpaka leo hajarudi.

Wakati mnafunga nilichungulia ndani. Mifuko ya mbegu imetobolewa na panya. Tarehe ya kuisha nguvu ni mwezi huu wa nne. Na wewe ulikuwa umeshika kufuli, ukaniona, ukatazama saa yako.

Ungenitazama tu, kaka.

Jovina


Toangoma
11 Mei 2025

Kaka Fredrick,

Shikamoo. Hukunijibu barua ya mwezi uliopita, na wifi alipokuja kuleta sare alisema uko na kazi nyingi. Nataka kujua kazi hiyo ni ipi.

Alhamisi alikuja mtu anaitwa Ismail, mtathmini wa mradi, ametumwa na wizara kuhakiki. Kijana mpole, ana mafaili. Alinionyesha ripoti yenye picha ya wale watoto sita, chini imeandikwa: "Wanafunzi wakiwa katika mafunzo kwa vitendo." Ukurasa wa pili unasema wanafunzi thelathini na nane wamepata saa sitini za kutumia pawatila, kitalu nyumba na umwagiliaji. Na chini: Mkufunzi, Jovina Rweyongeza. Pana sahihi.

Akaniuliza, "Hii ni yako, mwalimu?"

Mie husaini J. Rweyongeza, tangu chuo. Ile imeandikwa Jovina yote, J yenye mkia mrefu unaopita chini ya herufi zingine. Nimeiona J hiyo kwenye kila fomu yangu ya shule, kuanzia darasa la tano, mahali palipoandikwa jina la mwanafunzi. Wewe ndiye uliyekuwa unazijaza.

Nilimwambia Ismail naumwa kichwa, arudi siku nyingine. Kweli kilikuwa kinauma.

Niambie siyo wewe. Ukiniambia siyo wewe nitakuamini, na nitakuomba radhi kwa magoti.

Jovina


Kipawa
18 Mei 2025

Jovina,

Ni mie.

Sitaanza na salamu kwa sababu najua hutaki salamu zangu.

Ripoti ilitakiwa iende kabla ya mwisho wa Machi, la sivyo awamu ya pili ya mradi isingepitishwa. Bwana Daniel aliniita na kufunga mlango. Akasema kila shule iwe na sahihi ya mkufunzi, na kwa ile ya Toangoma hakuna haja ya kwenda mbali kwani mkufunzi ni ndugu yangu. Nikamwambia nitakuletea usaini. Akasema, "Unamjua dada yako. Atasaini?" Nikajua hutasaini, na ukikataa watakuandikia barua ya uhamisho siku hiyohiyo. Nikachukua kalamu. Ilikuwa kitu cha sekunde mbili. Nimekuandikia jina maisha yako yote, mkono ulienda wenyewe.

Unanicheka? Basi sikiliza. Nina watoto watatu. Sina cheti zaidi ya cha ugavi nilichokipata kwa kusoma jioni nikiwa na miaka thelathini na nne. Nikitoka hapa hakuna ofisi nyingine itakayonichukua. Wewe una shahada, unaweza kuwa na msimamo. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kulala juu ya magunia ya vitunguu. Msimamo wangu ulikuwa wewe usome.

Ndani ya mfuko wa sare alioleta Clara kuna bahasha. Fungua ukiwa peke yako. Ni seti ya akiba ya funguo, ofisini wanadhani ilipotea. Fungua kontena, fundisha watoto wako, tumia kila kitu mpaka kiishe. Nikiulizwa nitasema nilitoa kibali kwa mdomo.

Na Ismail akirudi, mwambie sahihi ni yako. Hizo saa sitini utakuwa unazifundisha kweli, hivyo itakuwa si uongo tena, ni kweli iliyochelewa tu. Watoto wako wapate, na wangu wale.

Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki.

Kaka yako,
Fredrick


Toangoma
8 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Wifi ameniambia huli vizuri. Kula, tafadhali.

Funguo nilikaa nazo siku mbili. Jumanne tarehe 20, baada ya mstari wa asubuhi, niliwapeleka watoto nyuma ya maabara nikafungua, mchana kweupe. Madam Rosalia alikuja akikimbia. "Kibali kiko wapi?" Nikamwonyesha funguo, nikamwambia zimetoka ofisini. Alisimama muda mrefu akiangalia ndani ya kontena. Halafu akasema, "Mie sijaona kitu," akarudi ofisini kwake akafunga dirisha.

Pawatila ilikataa kuwaka, dizeli imekaa mno. Muntasir, ambaye mjomba wake anatengeneza jenereta Mbagala, alimwaga mafuta ya zamani, akaweka mapya, akalegeza bomba akatoa hewa. Ilipowaka watoto hawakushangilia, kaka. Wanaume wazima wa miaka kumi na saba wamesimama kimya kwa sababu kitu kimewaka.

Klachi iko kushoto. Sasa najua.

Siku hiyohiyo nilikwenda dukani kwa Mzee Muhsin. Nikamwambia, "Nipe Salsabil wiki mbili na nusu, mpaka shule ifungwe. Ukiona hajajua kitu, usimrudishe tena." Alimleta mwenyewe kesho yake, akasimama kwenye uzio. Binti alilima tuta limepinda kama mkia wa ng'ombe. La pili likapinda kidogo. La nne lilinyooka, na babake akaniuliza kama anaweza kuingia ndani ya uzio.

Tumejenga kitalu nyumba. Mipira ya matone nusu imeliwa na panya, tumeunga iliyobaki. Mbegu nilizihesabu, tukaotesha mia mbili. Zilizochipua ni kumi na moja. Zilikuwa mbegu nzuri, za bei ya juu, serikali ilizinunua kwa ajili ya hawa watoto, nanyi mkazifungia mpaka zikafa. Nawatazama wakichungulia trei kila asubuhi na natamani ungekuwepo, uwaeleze mwenyewe.

Sasa sikiliza sehemu nyingine. Alhamisi Ismail alirudi. Nilimwambia sahihi si yangu. Nikamwambia saa sitini hazikufundishwa, nilizofundisha ni ishirini na saba, zote baada ya ripoti kuandikwa. Akauliza nani ameandika jina langu. Nikamwambia nitamjibu tarehe 20 Juni.

Najua hukunipa funguo kwa ajili hiyo. Nimetumia funguo zako na nimevunja sharti lako, niite utakavyo. Lakini uliniomba nifanye watoto wawe malipo ya uongo. Wakija kujua kwamba walishika mikono ya pawatila kwa sababu mwalimu wao alikubali kudanganya, nitakuwa nimewafundisha nini?

Siku hizi kumi na mbili ni zako. Nenda ukaseme mwenyewe kabla sijasema. Sitaki kuwa mie.

Magunia ya vitunguu nayakumbuka. Ndiyo maana naandika huku nalia, na ndiyo maana sitabadilisha.

Mdogo wako,
Jovina


Kipawa
6 Julai 2025

Jovina,

Nilikwenda wizarani tarehe 19.

Usidhani nilikwenda kwa ajili yako. Nilikwenda nimekukasirikia mpaka nilipitiliza ofisi yenyewe, nikarudi nyuma kwa miguu. Nilitaka kusema kuhusu sahihi yako tu, niombe radhi, nitoke. Yule dada aliyekuwa anaandika maelezo yangu akauliza, "Ni hiyo moja tu?" Nikasema hapana, ni sita. Akaniuliza majina ya hao walimu wengine watano. Nikamtajia, nilikuwa nimeyaandika mwenyewe. Akauliza nawafahamu. Jovina, sikumjua hata mmoja kwa sura. Sijui kama ni wanaume au wanawake. Nao wana madarasa kama lako.

Basi nikatoa vyote. Agizo la Bwana Daniel, nilikuwa na nakala. Orodha ya shule zote kumi na nne. Makontena yote yamefungwa mpaka leo, isipokuwa lako.

Nimesimamishwa kazi. Daniel naye. Clara anatafuta cherehani ya pili. Mkubwa ameniuliza mbona niko nyumbani siku za kazi, nikamwambia likizo. Naona uongo bado haujanitoka.

Sijakusamehe. Ulikuwa na njia ya kunisitiri, ukakataa. Inawezekana ulikuwa sahihi. Hilo halinisaidii nikiamka asubuhi.

Kitu kimoja. Ijumaa tarehe 11 watakuja kulifunga kontena lako kwa lakiri, ni kielelezo cha kesi. Kila kitu kitarudishwa ndani, na hakuna anayejua kesi itaisha lini. Shule inafunguliwa Jumanne. Una siku tatu.

Fredrick


Toangoma
3 Agosti 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nyie hamjambo? Sie tupo.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, Sabasaba. Niliwapigia wazazi mmoja mmoja, na Jumanne asubuhi watoto wote thelathini na nane walikuwepo kabla ya kengele. Siku tatu hatukuingia darasani. Kila mtoto aliendesha pawatila, kila mtoto aliifungua pampu na kuifunga, hata wale waoga. Alhamisi jioni tuliosha kila kitu, tukakipanga.

Ijumaa walikuja watu wanne. Walihesabu orodha, hakikukosekana kitu ila mbegu na dizeli. Wakabomoa kitalu nyumba chetu nguzo kwa nguzo, miche ya nyanya ikiwa ndani, wakarudisha mafungu ndani ya kontena, wakapiga lakiri. Yule mkubwa wao aliniomba radhi. Nikamwuliza hao watoto wafanyie mtihani kwa kutumia nini. Akakusanya karatasi zake.

Watahini walikuja tarehe 22. Fomu yao inasema mwanafunzi alime kwa pawatila. Wakauliza iko wapi, nikawaonyesha. Walitaka kuandika sifuri kwenye kipengele kile, wote thelathini na nane. Mzee Muhsin alikuwepo. Alitoka bila kuaga, nikajua amekasirika kaondoka. Saa saba alirudi na Canter, nyuma yake pawatila aliyoiazima kwa mkulima wa Mbande, kuukuu, imeungwa kwa waya. Watoto walilima kwayo mpaka jua likazama. Salsabil alikuwa wa tano. Mtahini akamwuliza nani alimfundisha, akanionyesha kwa kidole, halafu akashusha kidole haraka kwa sababu ni utovu wa adabu.

Matokeo bado. Najua watoto walichokifanya, nimekiona.

Makontena mengine kumi na tatu nayo yamepigwa lakiri. Ismail ndiye aliyeniambia. Nikamwuliza, kwa hiyo tulipokuwa tunanyamaza yalifungwa, na tulipoongea yamefungwa? Akasema anaandika kwenye ripoti kwamba yafunguliwe haraka. Nimeshaona ripoti.

Siombi unisamehe mwezi huu. Mie pia sijamaliza kukukasirikia. Lakini ulikwenda, ukataja wote sita, na hilo nimewaambia watoto. Waliniuliza kuhusu yule kaka yangu mwenye sahihi mlangoni, sikutaka wabaki na nusu ya habari. Wifi akija Jumatano nitampa unga na ndizi zilizoletwa kutoka nyumbani. Usizirudishe.

Na mie nimepata barua yangu. Nimetakiwa nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini nilifungua mali ya mradi bila kibali, na kwa nini nisichukuliwe hatua. Walimu wenzangu walinishauri niandike kwa unyenyekevu, niombe radhi, nitaje miaka yangu ya utumishi. Nilianza hivyo. Nilijaza kurasa tatu, nikazichana.

Barua niliyoipeleka ina mstari mmoja. Nimeandika: Nilikuwa nafundisha.

Mdogo wako,
Jovina